Kitabu Namba Kumi na Nne

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana nisipousema mie watausema wengine, tena kwa chumvi nyingi. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilimpa jirani yetu kitabu kinene, nikamtazama usoni bila kupepesa, nikamwambia nimekisoma chote na mwisho wake unaridhisha. Nilikuwa nimekisoma nusu. Wala si kwamba kilinishinda. Niliishia katikati kwa sababu mpaka hapo kilikuwa kinasema kile nilichotaka mimi, nikaogopa kwamba nikiendelea kitabadilisha maneno. Leo niko kwenye kundi la wasomaji la simu, linaitwa Majoka na Majivu, ambako watu wanaonizidi elimu wananiuliza wasome nini, nami nawajibu kama mganga anayegawa dawa: huyu ana huzuni, apewe riwaya ya ufalme wenye milima inayosalimiwa kama wazee, yule kagombana na mumewe, apewe ile ya dunia kwisha, aone kwamba kuna watu wana matatizo. Sheria yangu kubwa kule, naiandika kwa herufi kubwa, ni kwamba mtu asipendekeze kitabu asichokimaliza. Wananisifu kwa sheria hiyo. Hawajui ilikotoka.

Ilitoka kwenye nyumba moja ya Tabata iliyonuka karatasi za mifuko ya saruji. Najua karatasi hizo mtu akizisikia kwa mbali hadhani zina harufu, lakini zinayo: kavu, ya vumbi tamu, inayokaa puani kama unga, na ikichanganyika na iliki ya chai ya saa kumi inakuwa kitu ambacho hadi leo nikipita mahali wanapojenga nasimama kidogo kama mjinga. Nyumba hiyo ilikuwa ya Mama Murtaza, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Yeye na mumewe walikuwa Wahindi wa madhehebu ya Shia, watu waliozaliwa hapa hapa na kuzeekea hapa hapa, na mbele ya nyumba yao palikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Sie tulikuwa Wakinga wa kutoka Makete, baba yangu karani, mama yangu mwalimu, wimbo wa kwaya kila Jumamosi sebuleni. Mume wa Mama Murtaza hakupenda kutupa kitu. Mwanawe Murtaza alipokuwa kijana alikuwa anasoma riwaya za Kiingereza, za majoka na wachawi na miji iliyoungua, na mzee yule alivijalidi vitabu vyote kwa karatasi ya mfuko wa saruji na gundi ya unga wa ngano, kurasa za majina zikagandia humo humo, halafu akaviwekea namba kwa kalamu nyekundu, kama alivyoviwekea visanduku vyake vya misumari. Vilikuwa thelathini na viwili. Murtaza alihamia Arusha, akaoa, vitabu vikabaki kwenye kabati la kioo pamoja na vikombe vya wageni. Mle ndani hakuna aliyeviita kwa majina. Vilikuwa Namba Tatu, Namba Tisa, Namba Ishirini na Moja, na mie nilivishika hivyo hivyo, ndiyo maana wanakundi wangu wananilalamikia kila wiki, “Dada, jina la kitabu basi!” nami sina.

Wiki moja baada ya mimi kumaliza mtihani wa darasa la saba, mume wa Mama Murtaza alianguka dukani akiwa anampimia mteja waya, na hakuinuka. Mama Murtaza akaingia eda. Kwa mila ya nyumbani kwao, miezi minne na siku kumi mjane anatulia ndani: havai bangili, hajitii manukato, hatoki kwenda kutembea, wala hapokei wanaume wasiokuwa ndugu zake. Ukipiga hesabu, miezi minne ndiyo ule ule muda ambao mtoto aliyemaliza darasa la saba anakaa nyumbani akingoja kidato cha kwanza, hana shule, hana kazi, anamkera mama yake. Wenzangu walikuwa kutwa mitaani. Mie nilikuwa naitwa Kobe. Jina hilo nilipewa na kaka yangu kwa sababu nilikuwa nikitumwa dukani nauliza kama hakuna kitu kingine cha kununua kesho, ili nitoke mara moja tu. Basi mama akaona apige ndege wawili kwa manati moja. Akanishika mkono, akanipeleka kwa jirani, akasema, “Mama Murtaza, pole tena. Nimekuletea huyu. Wewe umekatazwa kutoka, huyu hataki kutoka. Kaeni.” Mama Murtaza alikuwa hajacheka tangu msiba. Siku ile alicheka, akajishika mdomo kama aliyeiba.

Ndivyo ulivyoanza msimu ule. Nilikuwa nakwenda baada ya chakula cha mchana, navua ndala, natoa shikamoo, nafungua kabati na kuchagua namba. Nilisoma kwa sauti, kwa Kiingereza cha darasa la saba, yaani Kiingereza kilichokuwa kinapita kwenye mdomo wangu kama nondo kwenye tundu la sindano. Yeye alikaa chini, miguu kaikunja, sinia la mchele mapajani, anachambua mawe na kunisahihisha bila kuinua macho. Neno likinishinda ananieleza kwa Kiswahili, na likimshinda na yeye tunaliruka sote kwa heshima. Nje kulikuwa na kelele za kijana wa duka akikata mabati, kanda za muziki wa mchiriku kutoka kwa kinyozi, na mama wa nyumba ya pili akiwafokea watoto wasicheze na maji. Ndani kulikuwa na dunia zinazoteketea. Kwa kuwa hapakuwa na udi wala marashi kwa sababu ya eda, harufu ya ile karatasi ndiyo iliyotawala, na nadhani ndiyo maana akilini mwangu mwisho wa dunia unanuka saruji.

Hakuna msomaji niliyekutana naye tangu hapo aliyesoma kama Mama Murtaza. Hakuwa anasikiliza hadithi, alikuwa anaigombeza. Kwenye Namba Ishirini na Moja kulikuwa na joka lililolinda kisima kwa miaka mia tatu, wanakijiji wakifa kiu. Akaniuliza, “Miaka mia tatu kwenye maji, na bado wanasema linanuka? Halijaoga?” Kwenye Namba Tisa, ambayo naipendekeza hadi leo kwa yeyote mwenye moyo, mji umefunikwa na majivu na wanawake wanasuka nywele zao wakificha mbegu ndani ya mistari, ili popote watakapofika waweze kupanda. Hapo aliacha kuchambua mchele. Akajishika shungi lake, akasema, “Huyu mwandishi alilelewa na mama.” Lakini kwenye vitabu vingine vya dunia kwisha hakuwa na huruma. Mashujaa wanahangaika na makopo ya maharage, yeye anauliza kwa nini hakuna hata mmoja aliyebeba chumvi. Kitabu kimoja kilitumia kurasa arobaini kutueleza jinsi watu walivyopata wazimu baada ya umeme kukatika na mabomba kukauka. Tulitazamana. Pembeni yetu kulikuwa na mapipa mawili na madumu saba yaliyojazwa tangu juzi. “Kobe,” akasema, “huo si mwisho wa dunia. Hiyo ni Jumanne.”

Kila Ijumaa jioni simu ya mezani ililia. Alikuwa Murtaza, kutoka Arusha. Sikuwa nimelelewa kusikiliza simu za watu, lakini nyumba ilikuwa ndogo na masikio yangu makubwa, na Mama Murtaza akikasirika aliacha Kigujarati akaingia Kiswahili. “Nitakuja kufanya nini huko? Kukaa chumba cha wageni?” Au, “Nani atafungua duka la baba yako?” Mara nyingine alishika tu waya wa simu akiuzungusha kidoleni. Nikaelewa. Murtaza alitaka eda ikiisha mama yake afunge nyumba, aende akakae naye. Niliporudi nyumbani nikamsimulia mama, naye akatikisa kichwa akasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, mkwe ni mkwe, lakini si kazi yetu kuwaamulia watu. Mie sikuona hivyo. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na rafiki ambaye hakuniambia nikacheze nje. Nikaona kama kuna mtu wa kumwokoa Mama Murtaza na Arusha, ni mimi, na silaha ninayo, iko kwenye kabati la kioo.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Nitamchagulia vitabu ambamo mtu anayekaa kwake anapona, na anayefunga safari anapata alichokitafuta. Usiache mbachao kwa msala upitao; mtembezi hula miguu yake; babu zetu walishasema, ilibaki Wazungu waongezee. Jamani, msomaji mwenzangu, wewe jaribu kutafuta riwaya ya namna hiyo. Hakuna! Waandishi wa hadithi za ajabu hawawezi kumwona mtu ametulia kwake anakunywa chai wakamwacha. Ukurasa wa thelathini, hodi mlangoni. Ukurasa wa thelathini na mbili, keshafungashiwa mkate. Na hao wa dunia kwisha ndiyo kabisa: anayejifungia ndani analiwa kwanza. Nilikuwa nachukua kitabu nyumbani usiku wa kuamkia zamu yake, nakipekua, nikiona harufu ya safari nakirudisha. “Hiki hakifai, Mama Murtaza, kina mchwa.” “Hiki maandishi yake madogo.” Alikuwa ananitazama juu ya miwani, anasema haya. Nilidhani haoni. Watoto wote hudhani hivyo, na baadhi yetu tumezeeka bado tunadhani.

Ndipo nikaikuta Namba Kumi na Nne. Anga imejaa vumbi, jua halionekani, mimea imekufa. Juu ya kilima kuna nyumba moja ya mawe, anakaa bibi na wajukuu wawili. Bibi ameweka akiba: nafaka kwenye mitungi, mafuta, kuni za miaka. Kila siku watu wanapita barabarani chini ya kilima wakielekea wanakoambiwa kuna jua, wanagonga, wanasema twendeni, na bibi hafungui. Wanapita, na hakuna anayerudi. Bibi anawaambia wajukuu kwamba nyumba humjua mwenyewe, na mwenyewe akiondoka nyumba hufa kwa kihoro. Nilisoma na kamusi pembeni, siku nne, mpaka katikati kabisa, na moyo ulikuwa unanienda mbio kwa furaha. Hiki ndicho! Sura ya katikati inaishia watoto wamelala, upepo umetulia, na kitu kinagonga mlango mara tatu, taratibu, kama mtu anayejua kwamba atafunguliwa. Nikafunga kitabu. Hapo sikutaka kujua zaidi. Bibi yupo ndani, mlango umefungwa, basi hadithi imekwisha.

Januari ilikuwa imeingia, ninashonewa sare, sina muda wa kusoma kwa sauti kila siku. Nikampelekea. “Mama Murtaza, hiki ni kizuri kuliko vyote. Kisome mwenyewe polepole.” Akakipima mkononi kama anavyopima tango. “Umekimaliza?” Nikamwambia nimekimaliza. “Mwisho wake?” “Unaridhisha,” nikasema, neno nililolisikia kwenye ripoti za shule, ambako mimi mwenyewe nilikuwa wa kuridhisha miaka saba mfululizo.

Nilirudi baada ya siku tatu, Alhamisi, nimevaa sare mpya nije kujionyesha. Alikuwa amekaa pale pale, lakini sinia la mchele halikuwepo. Kitabu kilikuwa kimefungwa mapajani, mikono miwili juu yake. Akaisifu sare, akanigeuza, akavuta pindo akasema limeshonwa vibaya. Kisha akasema, “Kobe, ulikimaliza kweli?” “Ndiyo.” “Basi niambie, nani alifungua mlango?”

Nilitazama sakafu. Nakumbuka kila ua la lile zulia. Nikabahatisha, nikasema mjukuu mkubwa. Akatikisa kichwa. Nikasema upepo. Hapo akaanza kucheka, si kicheko cha kunisimanga, kicheko kilichotoka tumboni kikamtoa na machozi, nami nikaanza kulia, tukawa tunatoa machozi wote wawili kila mtu kwa sababu yake. “Mtoto wewe,” akasema, “umenipa nusu unayoitaka wewe. Na ile nyingine ndiyo niliyokuwa naihitaji mimi.” Nikamuuliza kama ataondoka. Alisema kwamba miezi minne alikuwa anasikia sauti ya mumewe dukani, anapimia watu waya, na kila akitaka kumwambia Murtaza ndiyo, anaona kama anamwacha mzee peke yake na misumari. “Yule bibi wa kitabu naye alidhani hivyo,” akasema. Zaidi ya hapo hakunieleza, na nilipomwomba anisimulie kilichotokea baada ya mlango kufunguliwa, alikataa katakata. Adhabu yake kwangu ilikuwa hiyo.

Aliondoka Jumamosi ya wiki iliyofuata baada ya kumaliza eda, amevaa tena bangili zake mbili nyembamba. Murtaza alikuja na gari. Vitabu thelathini na kimoja nikaachiwa mimi, vimefungwa kwa kamba ya katani ya dukani. Kimoja alikishika mwenyewe mkononi mpaka ndani ya gari. “Hiki naondoka nacho,” akaniambia dirishani. “Siku ukitaka kujua nani alifungua mlango, njoo Arusha unisomee. Kwa sauti. Na Kiingereza chako kile kile.” Nikasema nitakuja likizo ya Juni.

Sasa tupime. Ile Juni imepita, na nyingine baada yake, nimeacha kuzihesabu. Nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea, nikajifunza cherehani, kazi inayomfaa kobe kwa sababu wateja ndio wanaokuja. Naishi Goba sasa, juu ya kilima, nyumba ya mawe na matofali. Kama mtu ananicheka kwamba nimehamia ndani ya Namba Kumi na Nne, na acheke, nimeshajicheka. Nashona sare za shule sebuleni na mapindo yangu hayajalegea hata moja. Kule Tabata nyumba yao waliinunua wengine, duka likavunjwa, pamesimama fremu za maduka ya vipodozi. Utotoni nilikuwa na msomaji mmoja aliyegombana na kila ukurasa. Leo nina wasomaji mia na zaidi kwenye simu, wananitumia vidole gumba. Hawabishi. Nikiwaambia kitu kinaridhisha, wanaamini. Na hapa ndipo naona haya kuandika: kitabu ninachokipendekeza kuliko vyote, mwaka nenda mwaka rudi, ni kile cha bibi wa kilimani. Nawasimulia vumbi, mitungi, wapita njia. Wakiniuliza mwisho wake, vidole vyangu vinaandika vyenyewe. Unaridhisha.

Sababu za kutokwenda ninazo, tena nyingi, zimepangwa vizuri. Mashine ikiharibika, msimu wa sare, mama kuumwa, mvua. Kila sikukuu Murtaza alimpa mama yake simu tukaongea, nami kila mara nilisema likizo hii hainipiti. Lakini wiki iliyopita ulikuja ujumbe wa sauti. Nilikuwa nampima sketi binti wa Mama Kelvin, jirani yangu wa hapa, mwanamke ambaye Mungu alimpa moyo mzuri akasahau kumwekea kifuniko mdomoni. Mikono yangu ilikuwa na pini, nikabonyeza kwa kifundo cha kidole, sauti ikajaa sebule nzima. Ilikuwa imezeeka, imekuwa nyembamba kama uzi wa cherehani, lakini iliniita vile vile. “Kobe. Daktari anasema macho yangu haya hayana muda. Kitabu chako kipo, hapa chini ya mto. Mie nakumbuka mlango, lakini kilichofuata kinanipotea, na hakuna anayejua kusoma vibaya kama wewe.” Halafu kicheko kile kile, cha tumboni, kikakatika katikati.

Nilibaki na pini mkononi. Mama Kelvin, aliyekuwa amekaa kando akimngoja binti yake, akauliza huyo nani, nikamweleza yote, kwa kirefu, kama nilivyowaeleza ninyi, na Januari na bangili na zulia. Kisha nikaanza kumhesabia: oda za sare ni hizi, fundi wa cherehani kaniahidi Jumatano, na mvua nazo wanasema zinakuja. Akamvuta binti yake kutoka mikononi mwangu, sketi ikiwa upande mmoja imebanwa na upande mmoja inaning’inia, akasimama mlangoni na kusema, “Wewe dada, kutwa unawapeleka watu wa watu mwisho wa dunia, na Arusha tu imekushinda. Panda basi ukamsomee, bibi wa watu asije akafa na mwisho wa kitabu chako.”